Faili la Kuamshia

Kompyuta imekataa.
Gemu zote ninazo, nimezinakili diski kwa diski,
lakini kiigizi kinaandika: bayosi haipo,
herufi nyeupe juu ya kiza, kisha kimya.
Kama nyumba yenye vitanda na masufuria
ila hakuna ajuaye swichi iko ukuta gani.

Apendeki, ameketi juu ya kaunta na mkate wake:
"Shangazi, mtandaoni ipo. Sekunde mbili."
Najua, mwanangu.
Lakini cha kuokota ni cha kuokota.
Hapa mezani, Bolton, mvua ikipiga mapipa ya taka,
nimeufungua mtambo wa baba yako
kwa bisibisi ya kukazia miwani.
Vumbi. Unywele. Punje ya biskuti aliyokatazwa.

Wilondja aliununua duka la hisani, Barabara ya Deane,
pauni nane, mshahara wa kwanza wa kiwanda cha mikate,
na mama akanuna wiki nzima, maana hatukuwa na zulia.
Baridi ile watu walitusemesha
nasi tukatabasamu kama mabubu.
Ila mlio ule wa kuwaka,
kengele tatu na mvumo unaopanda kama uji,
huo tuliuelewa.

Nimeunga waya. Chipu inasomwa
baiti kwa baiti, kama mtoto anayehesabu ngazi.
Kilobaiti mia tano na kumi na mbili:
picha moja ya paka wa jirani ni nzito kuliko hiyo.
Ikaja namba ya uhakiki. Nikailinganisha.
Ni ileile, tarakimu kwa tarakimu,
ya kila mtambo uliotoka kiwandani mwaka ule.
Sijui nilitaraji nini. Kosa moja, labda.
Baiti moja iliyopinda kwa jasho la kidole chake.
Ushindi wake wote ulikuwa kwenye kadi,
na kadi ilipotea tulipohama Great Lever.

Naweka faili mahali pake.
Mlio.
Apendeki anaacha kutafuna.
Kioo kinauliza lugha: zipo sita, yetu haimo.
Kidole kinakwenda chenyewe kwenye Kifaransa,
alichochagua yeye, kwani ndicho tulichoweza kusoma
kati ya vyote tulivyoandaliwa.

"Kinasema nini sasa?" anauliza, mzaliwa wa hapa.
Kinasema saa yake imesimama.
Kinasema, tafadhali, niambieni leo ni lini.