Kalenda ya Bucha

Nafungua duka saa mbili, Riva Rodi ingali na matope ya jana.
Oda ya Kariithi iko juu ya meza:
kalenda mia nne, picha ya ng'ombe, namba ya simu kwa herufi nene,
"na sikukuu zote, fundi. Mwaka jana uliniruka Madaraka."

Siruki tena. Napanga miezi.
Januari, mungu wa milango, ana nyuso mbili
kama bawabu wa benki anayekupekua ukiingia na ukitoka.
Machi wa vita.
Julai, jemadari aliyechomwa visu na marafiki.
Agosti, mwana wa kupanga, aliirithi damu ile akaiita amani.
Siku thelathini na moja kila mmoja, hakuna aliyekubali kupunjwa,
na sasa wananing'inia Kariobangi juu ya mizani ya matumbo,
nzi wanawatembelea bila miadi.

Mokeira, ninayemfunza kazi, ana hesabu kali.
"Septemba maana yake saba. Mbona ni wa tisa?"
Walisogeza mwanzo wa mwaka, namwambia, majina wakayaacha palepale.
"Na hakuna aliyerekebisha?"
Wenye nyumba walikufa.

Anataka kujua walikufaje. Anataka moto, anataka farasi.
Mimi nina mfereji tu, ulioziba na fundi hakuitwa.
Nina sarafu ya fedha iliyotiwa shaba kidogo,
na kidogo tena,
mpaka askari wa mpakani akaikwaruza kwa ukucha, akacheka, akaenda kulima.
Mwishowe mvulana mmoja akaambiwa avue joho la zambarau.
Akapewa posho. Akaenda.
Asubuhi ile waokaji walioka mikate,
na hakuna aliyeitia siku hiyo wino mwekundu.

Mwekundu nautia mimi, Desemba kumi na mbili,
usiku tulipoteremsha bendera ya dola
lililojiona mjukuu wa lile.
Uhuru wetu umepanga chumba katika mwezi uitwao Kumi.
Kule mahakamani mawakili wanatafuna Kilatini kikavu
wakigombea ploti ya Kitengela.

Saa kumi na mbili stima inapotea. Mokeira anawasha kandili.
Hilo nalo ni lao, namwambia. Jina lilipita kwa Waarabu,
likashuka pwani, likapanda garimoshi hadi hapa.
"Hata kandili?"
Hata sabuni unayoishika.
Ila sabuni wao wenyewe waliiazima
kwa watu wa kaskazini waliowaita washenzi,
ndugu za hao waliokuja kumvua mvulana joho.

Anacheka, povu jeusi mpaka viwikoni.
"Kwa hiyo washenzi ndio waliooga kwanza."

Bomba linakohoa mara mbili,
linanyamaza.
Tunasimama mikono mbele, hatujasuuza,
tukiusikiliza ukuta.