Bei ya Jumapili

Bei naiandika Jumapili mchana,
bukari ikiwa tumboni,
sombe ya Mama Ngoie imenilegeza mabega.
Ijumaa siandiki. Ijumaa njaa ndiyo karani,
na karani huyo hajui kujumlisha, anajua kukata tu.

Nageuza bamba la shaba kifudifudi, nashika msumari,
nahesabu kwa sauti ili Kapya asikie,
maana nyundo hizi atazirithi yeye:
bamba lenyewe, kutoka Ruashi, dola kumi na mbili;
makala, mara mbili, kwa kuwa umeme ulikatika
nikaunguza pembe gizani;
lami; asidi;
teksi ya kurudi nimelipakata kama mtoto mgonjwa.
Siku nne. Siku ya mwashi hapa Katuba ina bei,
na kila mwashi huitaja bila haya.
Yangu naiandika ileile.

«Na ule ukucha?» anauliza Kapya.
Ukucha wa dole gumba, ulioanguka mwezi wa tatu.
Nafikiri kidogo.
Ukucha siuzi. Ule ulikuwa karo.

Mwaka jana niliandika mia tatu,
kisa nimeona kazi ya mwenzangu ukutani mwa hoteli.
Miezi mitano bamba likaota kijani,
wateja wakilisifu huku wakirudi kinyumenyume.
Na kabla ya hapo, kumi na tano:
nikacheka na mnunuzi, nikalala na deni la shaba.

Sasa ni sabini na tano.
Naikwaruza mgongoni mwa treni niliyoichonga,
isifutike kwa mate wala kwa huruma.

Ijumaa akaja bwana wa viatu vyeupe.
«Arobaini. Sasa hivi.»
Noti mpya, hazijui mkunjo.
Nyuma yake, mlangoni pa ua,
Ba Musonda wa kodi ya nyumba
alikwisha kukohoa mara ya kwanza.

Nikaligeuza bamba.
«Hii umeniandikia mimi?»
«Niliandika kabla sijakujua.»
Akacheka, akazirudisha noti mfukoni,
viatu vikaondoka vikiruka madimbwi.

Ba Musonda akaingia. Kodi yake hamsini.
Akasoma namba, midomo ikicheza,
akaligeuza bamba, akaitazama treni,
yeye aliyeachishwa reli bila mafao.
Akakaa juu ya kreti. Akahesabu madirisha ya behewa.
Kisha, bila kuniangalia:
«Hizo ishirini na tano zinazobaki,
naweza kukulipa kidogo kidogo?»