Nauliza Tena

Mto wetu unaitwa Bubu,
na kweli, ikifika Juni hausemi kitu.
Mama alinifundisha kuutafuta chini ya mchanga:
usichimbe kwa hasira, alisema,
weka kiganja, nyamaza, subiri ubaridi ukujibu.

Sikujua kwamba ananifundisha kazi.

Sasa ni saa moja na nusu asubuhi, kituo cha afya, Bahi.
Mbukwa, mbukwa, benchi limejaa.
Wamekuja na njaa kama walivyoambiwa,
wengine bila kuambiwa, maana mwaka huu uwele haukushika.
Nafunga mpira juu ya kiwiko. Kunja ngumi, baba. Fungua. Kunja.
Mkono wa jembe una mishipa kama mizizi,
huo hata mwanafunzi anaupata.
Mtihani ni mkono wa mtoto mnono,
na wa bibi, ambaye mshipa wake unateleza kama mlenda:
ukiufuata kulia, uko kushoto.
Sitazami. Kidole cha shahada ndicho kinachoona.
Weka, nyamaza, subiri,
hadi kitu fulani kinesenese chini ya ngozi.
Hapo, najiambia. Maji yapo.

Wananiuliza mambo.
Mzee Mhembano: Mnaipeleka wapi? Mnamuuzia nani?
Kijiko kimoja, mzee. Nani atanunua kijiko?
Mtoto wa Nhonya: Utanirudishia lini?
Huyo sijampatia jibu hadi leo.

Kifuniko cha zambarau, kifuniko chekundu, cha kijivu.
Geuza polepole mara nane,
usitikise, si kibuyu cha mtindi.
Kisha kalamu. Jina, umri, saa.
Sindano haijawahi kunitia hofu. Kalamu ndiyo.

Maana Novemba ile walikuja wawili siku moja,
Sechelela na Sechelela,
mmoja wa Chipanga, mmoja wa Mpamantwa,
wote wajawazito, wote na kitenge cha bluu,
na mimi nilikuwa na usingizi wa zamu ya mtu mwingine.
Majibu yakatoka: mmoja kumi na mbili, mmoja nne.
Wa nne tukamlaza.
Wa kumi na mbili tukamwambia, nenda mama,
damu unayo hadi ya kuazimisha.
Alicheka. Akaondoka kwa miguu.

Saa tisa mchana yule wa kitandani akaomba ugali,
akamaliza, akaomba tena.
Nikamfunua jicho. Ndani ya ukope
palikuwa pekundu kama nyama ya tikiti.
Nikasimama pale na ule ukope wa watu kidoleni.
Kisha nikaazima pikipiki ya Chedego
bila kusema ya nini.

Nilimkuta mtoni, ndani ya shimo, mchanga umemfika kiunoni,
anachota kwa kata, anapumzika,
anapumzika muda mrefu kuliko kuchota.
"Daktari," alisema
(wote wananiita daktari, nimechoka kukataa),
"umefuata nini? Ile haikutosha?"
Nikapiga magoti ukingoni, nikamfunua jicho.
Peupe, kama ganda la tikiti lilelile kwa ndani.
Nikamwambia. Lote. Jina lake, na majibu yasiyo yake.
Hakunitukana.
Alinipa ndoo kwanza, niiweke pasipomwagika,
ndipo akanipa mkono nimtoe.

Chupa mbili aliongezewa, usiku uleule, Dodoma mjini.
Mtoto yuko darasa la pili.
Tukikutana sokoni mama yake ananisalimia vizuri,
vizuri kiasi kwamba napita njia nyingine.

Tangu hapo nauliza jina kabla ya mpira,
nauliza tena sindano ikishatoka,
na mara ya tatu, kalamu ikiwa bado hewani.
"Si nimeshakwambia?"
Umeshaniambia, mama. Niambie tena.
Benchi linacheka. Wameshanibatiza: Kiziwi.
Mto Bubu, mtoa damu Kiziwi,
ndiyo wilaya yetu hiyo.

Haya, aliye mbele.
Jina lako nani?
Wa wapi?
Na la baba?
Samahani, jina lako nani?