Kilo Mbili

Mwalimu Nandonde aliileta barua kwa pikipiki,
akanikabidhi ghalani, mbele ya magunia,
vumbi la korosho bado liko mikononi:
Somoe amechaguliwa. Vipaji maalumu. Morogoro.
Wilaya nzima ya Tandahimba, wasichana wawili tu.

Nikasema alhamdulillahi, kwa sauti, wote wasikie.
Kisha nikaikunja mara nne
nikaificha nyumbani, chini ya mfuko wa salfa.
Ikalala huko siku mbili.
Mimi sikulala.

Usiniulize kwa nini. Au niulize,
nitakwambia niliogopa orodha:
godoro la futi mbili na nusu, ndoo yenye mfuniko,
fagio la chelewa, kwanja, rimu mbili za karatasi.
Orodha ni ndefu, kweli.
Lakini korosho mwaka huu zimelipa.

Basi niseme lililopo.
Akiwa na miaka saba aliniletea ming'oko,
imefungwa kwenye kitambaa, ingali ya moto,
akasimama kando ya mizani ya chama
akiutazama mshale kama mtu anayesoma.
Gunia la Bibi Nantimbo lilikuwa ndiyo kwanza limeshushwa.
Akasema, na sauti yake haijui kunong'ona:
"Baba, mshale huu hauanzii sifuri.
Unaanzia nyuma yake, kilo mbili."

Watu wakacheka. Bibi Nantimbo hakucheka.
Nilikuwa najua. Tangu msimu wangu wa kwanza nilijua.
Nikamwambia nenda, mama yako anakuita,
na jioni nikamnunulia maandazi,
sijui ya kumsifu au ya kumnyamazisha.
Aliyala yote. Akayahesabu kwanza.

Tangu siku hiyo naishi na jicho ndani ya nyumba.
Majirani wanakuja na stakabadhi zao za malipo,
wananipita mlangoni, wananiamkia,
wanamuuliza yeye.
Nami nakaa pale nikijifanya nachonga mpini,
kifua kimejaa, na tumbo limejikunja.
Nani atanitazama hivyo akishaondoka?
Na nani, Mungu anisamehe, atanipumzisha hivyo?

Aliyeipata barua ni Dadi, kaka yake,
alikuwa anatafuta mfuko mtupu.
Darasa la saba lilimtema miaka mitatu iliyopita,
na siku ile sikumnunulia chochote.
Aliisoma kwa kidole, silabi kwa silabi,
akampelekea mdogo wake jikoni
akarudi shambani kupalilia
bila kunitazama.

Mama yao akapiga vigelegele, kisha akakaa chini.
"Huyu akirudi," akasema, "atakula ugali wa muhogo kwa uma."
Tukacheka wote. Kicheko kikaisha mapema.
Shangazi zake wanauliza atachezwa lini.
Somoe anauliza Morogoro ni saa ngapi kwa basi,
na ukigawa kwa vituo, kila kituo dakika ngapi.

Leo alfajiri, kabla ya basi,
nimefungua ghala nikalitundika begi lake.
Amesimama palepale. Amerefuka, shingo imekuwa ya mama yake.
"Ishirini na moja," nikasema.
"Ishirini na tatu," akasema, hakuinua macho,
alikuwa anafunga kamba ya kiatu.

Nikatafuta bisibisi.
Skrubu ilikuwa imeshika kutu, ikanichubua kidole,
halafu ikakubali.
Mshale ukapanda, moja, mbili, ukatulia.
Keshokutwa mwenyekiti wa chama ataniuliza
na jibu sina.
Somoe hakusema kitu. Alinishika mkono wenye damu
akaugeuza, akautazama,
akaufuta kwa pindo la kitenge chake kipya.

Honi ikalia barabarani.
Nikalishusha begi.
Mshale ukarudi sifuri, sifuri yenyewe,
na ndoano ikabaki inayumba.