Nyongeza

Miezi minane daftari langu lilikaa safi
kama sahani ya mtu aliyesusa.
Nilihesabu mizani vidoleni, nane kwa nane,
nikifika ya sita maneno yananikimbia;
nafunga, najilaza, nasikiliza feni.

Kidawa wa nyumba ya pili hana habari na ushairi.
Alichojua ni kwamba Jumamosi sina pa kwenda.
"Njoo utupimie," aliniambia juu ya ukuta,
kibanio cha nguo mdomoni.
"Aliyekuwa anapima ameoa Mkuranga, hatumwoni tena.
Malipo hakuna. Chai ipo."

Basi, saa kumi na mbili asubuhi,
uwanja wa shule ya msingi, Goba,
goli moja limeegemezwa matenga,
nikakabidhiwa mizani ya sahani mbili
na mawe yake: la kilo, la nusu,
na la robo lililopotea zamani,
badala yake betri mbili za redio na msumari,
uzito kamili, Kidawa anaapa.

Wakashusha.
Mkude na karoti za Mgeta, udongo wa mlimani bado mweusi juu yake.
Vijana wawili wa Bonde la Msimbazi,
mchicha waliokata usiku kwa tochi ya simu.
Bi Chausiku na mihogo ya Kisarawe,
anaivunja mmoja mbele ya kila mteja
ili mlio wenyewe uongee.
Na Sikudhani wa Chanika: bamia, matembele,
na mtoto mgongoni anayekula kamba ya fulana yangu.

Nilikosea mapema.
Mama mmoja alisimama na kikapu, ana haraka,
nikamtajia kilo kabla ya wakati.
Mkude akanishika mkono, taratibu:
"Mwalimu, ulimi bado unacheza.
Usiseme kitu ulimi ukicheza."
Alikuwa anazungumzia mizani.
Mimi nilimwaza yule aliyejilaza chini ya feni.

Halafu hili.
Kila nikimpimia Sikudhani,
sahani zikilingana, nami nimeridhika,
mkono wake unapita chini ya wangu
na kutupa bamia nyingine juu: konzi moja.
Nikataka kuanza upya.
"Hiyo haipimwi," alisema, hakunitazama.
"Hiyo nyongeza."

Konzi mimi niliijua utosini tu,
ya mwalimu wa hesabu, katika uwanja kama huu,
kwa kosa la kuzidisha palipotakiwa kutoa.
Miaka thelathini baadaye
ndiyo naiona ikifunguka vidole,
na ndani yake kuna mboga.

Nilimuuliza kama hapati hasara.
Alifikiri, akamhamisha mtoto bega.
"Napata," akasema. Akaita mteja mwingine.

Saa tano soko lilipumua kidogo.
Nikachana ubavu wa boksi la sabuni,
nikachukua kalamu nene ya bei,
nikaandika nimesimama, mikono inanuka karoti:

*Kilo moja ya bamia, mkononi mwa mpishi,*
*Jua limetufikia, watu bado hawaishi,*
*Mizani ikitulia, ndipo jiwe halitoshi,*
*Sikudhani hutilia konzi moja, wala habishi.*

Nikahesabu vidoleni, kwa mazoea.
Mstari wa mwisho umezidi mizani moja.
Nikauhesabu tena. Moja.
Nikatafuta la kukata,
nikaiona ile bamia ya juu ikiyumba kwenye sahani,
nikafunika kalamu.

Kidawa akapita mbio, anatafuta kibao.
Akaligeuza boksi bila kusoma,
akaandika upande wa pili NDIMU NNE MIA TANO,
akalichomeka kwenye tenga.

Hadi saa nane mchana watu walinunua ndimu.
Mimi nilirudi kwenye mawe,
na kila aliyenyoosha kikapu
nilisubiri ulimi utulie,
kisha nikatazama kando kidogo,
Sikudhani apate nafasi.