Taa za Darajani

Saa tisa usiku, Olomouc. Theluji imefika kwenye komeo la mlango,
na mimi, mwoka mikate, mwana wa mwoka mikate,
nimeuacha unga uumuke wenyewe
ili nimjibu mtu anayejiita Shahidi wa Kale
kwamba taa za daraja letu ni sita.

Ni saba, akaandika.

Simjui. Mpaka leo sijui ni mzee au kijana,
kama ana mtu wa kumwuliza, umekula?
Nilijua tu kwamba amekosea,
na kosa la mtu usiyemjua ni kama pengo la jino:
ulimi hauishi kulirudia.

Tulianza na taa.
Kabla ya Krismasi tulikuwa tumeshafika kwa mama zetu.
Nilimwita kipofu, akaniita muuza makapi.
Wakaja watu wa Brno, wa Ostrava,
na mmoja aliyesema anaishi Perth, ambako ni kiangazi,
kila mmoja na kuni yake. Wakachochea, wakaenda kulala.
Sisi wawili tukabaki na moto.

Zdenka alishuka ngazi na shali begani.
"Otakar, unga umefurika."
"Namalizia," nikasema.
Namalizia. Neno hilo nimelitamka
mara nyingi kuliko jina lake.

Na Jumapili ile alipokuja Radka na mwanawe,
mtoto akapiga hatua nne, kutoka mezani mpaka kwenye gunia.
Nimesimuliwa. Mimi nilisikia makofi,
nikadhani ni redio.

Basi usiku mmoja nikachukua penseli ninayoandikia madeni ya wateja,
nikapiga hesabu juu ya mfuko wa ngano:
miaka kumi na mmoja ya mabishano, saa mbili kila usiku
(chumvi kwenye supu, mchezo uliochezwa kabla sijazaliwa,
jina sahihi la uyoga ambao hata siupendi).
Nikagawanya kwa ishirini na nne.
Siku mia tatu na thelathini na nne.
Nikarudia, labda penseli imeteleza.
Haikuteleza.
Nina miaka sitini na mitatu. Baba alikufa na sitini na nane,
mikono yake bado ina unga kwenye kucha.

Kutoka mlangoni petu hadi darajani
ni hatua mia tatu na arobaini. Sikuwahi kwenda kuangalia.

Nikaenda. Na aproni yangu, na ndara za ndani.
Moja. Mbili. Tatu, inapepesa. Nne. Tano.
Sita.
Halafu nguzo ya saba, imesimama wima kama wenzake,
bila taa, nyaya zimechomoza juu kama nywele za mtu aliyeamshwa.

Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi.
Je, hiyo ni taa?
Na juu ya theluji mbichi, nyayo si zangu:
zimetoka ng'ambo ya pili, zikasimama kwenye kila nguzo,
zikakaa zaidi kwenye ile ya mwisho,
zikageuka.

Sitadanganya, vidole viliniwasha.
Simu ilikuwa mfukoni, ina joto kama yai.
Sentensi ilikuwa tayari, nzuri, yenye makali pande zote mbili.
Lakini mikate ilikuwa tanuruni,
na mikate haina habari ya aliyeshinda.

Leo ni siku ya nne sijamjibu.
Sijui kama huku ndiko kupona. Jana niliifungua simu mara tisa.
Yeye pia amenyamaza, na ukimya wake
nausikiliza kuliko nilivyowahi kuyasikiliza maneno yake.

Asubuhi hii, nikimkatia Zdenka ncha ya mkate, ile ngumu aipendayo,
nikamwuliza, yeye aliyelivuka daraja lile miaka arobaini:
taa zake ni ngapi?

Akatafuna kwanza.
"Zinatosha," akasema. "Sijawahi kuanguka."