Mengineyo

Kila Jumanne, saa nne, nazima pikipiki
chini ya nyumba ya Rawhiya, hapa Tahta,
napanda ngazi za udongo hadi kwenye paa bapa
ambako mkate wake umelazwa juani, unaumuka.

Hatii hamira ya duka. Chachu ya jana yatosha,
na visahani vya tope la mto
alivyovifinyanga mwenyewe akiwa mwali.
Biashara nzima ni hiyo: jua la bure,
tope la bure, mikono ya bure.
Unga tu ndio wa kununua.

Unga tu.

Februari walikopa, wanawake watano
wakidhaminiana: mmoja akianguka, wanne wambebe.
Damiana alitia dole gumba huku anacheka.
Wiki hiyohiyo mizinga ikalia mahali
ambapo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupasikia.

Mjukuu akaleta atlasi ya shule.
Rawhiya akapima kwa vidole:
vinne, kutoka hapa hadi Bahari Nyeusi.
"Vinne tu, na gunia limepanda mara mbili?"
Alama zake zikabaki, nyeupe, juu ya maji.

Bei hakuipandisha; mtaa usingemwelewa.
Akapunguza mkate. Kwanza upana wa ukucha,
kisha kidole, hata visahani
vikawa viatu vya baba kwenye mguu wa mtoto.
Ihsani akauza mbuzi.
Sania aliondoka usiku kwenda kwa dadake Asyut,
hakuaga,
na rejesho lake tukaligawa kwa nne. Tukaligawa, nasema;
kalamu ilikuwa yangu.

Dawa ya deni ni kulipa. Methali hii
nimeisema kwenye milango ya watu mara mia.
Leo imenikwama kooni. Pikipiki yenyewe ni ya mkopo,
na petroli nayo imesikia habari za vita.

Fomu inauliza: *Sababu ya kuchelewa.*
Ina visanduku vyake: Ugonjwa. Msiba. Safari. Uzembe.
Nikavisoma kwa sauti.
"Hicho cha mwisho chasemaje?" akauliza Rawhiya.
"Mengineyo."
"Basi nitie humo," akasema, "nina wenzangu wengi humo."

Akanifungia mkate mmoja kwenye gazeti.
Nikaula njiani, mkono mmoja kwenye usukani.
Uliisha kabla sijafika kona.